Mfalme wa Matope

Jumatatu, 4 Machi

Bibi Tofali, mkwe wangu,

Nimeua. Nakuandikia mikono ikiwa bado ina damu. Asubuhi hii, kabla hata ya chai, askari wangu mia mbili wa mikuki wamevuka mfereji na kumvamia yule jirani anayejiita Simba wa Bondeni. Wamechinja walinzi wote wa lango, wamechoma ghala mbili za shayiri, na ukuta wake nimeuvunja nikapata matofali ya hekalu langu. Jamaa kanitumia barua ya matusi. Nimecheka mpaka Mama Chapa, mwenye hili duka la kuchapisha ninakochezea, kaja kuniuliza kama nina homa.

Najua utasema mzee mzima hana haya. Lakini ni wewe uliyeniingiza humu. Pale hospitali, mke wangu kalala hajitambui, na sisi wawili, mkwe na baba mkwe, tunatazamana kama watu wa foleni. Ukafungua kivinjari kwenye simu ukaniambia, "Baba, hebu jenga mji." Nikajenga kibanda kimoja cha matope kando ya mto, nikajiita Mfalme wa Matope. Leo nina kuta, mifereji, na wakazi elfu sita wanaonitii kuliko watoto niliowazaa.

Simu usinipigie, unajua hali yangu. Kulipua miamba machimboni maisha yangu yote kumeniachia sikio moja tu, la kushoto, na hilo nalo lina kiburi. Wewe andika. Humu barua inafika na sisikii vibaya.

Sasa niambie. Ghala lako la kusini liko wazi. Juzi yule mchezaji anayejiita Fahali kapita na magari yake ya farasi, kachukua alichotaka, na langoni hukuwa na askari hata mmoja. Wewe, uliyenifundisha mimi kupiga. Kuna nini?

Mumeo hajambo? Sijamtaja tangu tulipomzika mama yake, siku ile alipomvunja mjomba wake taya kwa ajili ya neno moja, nikamfukuza mbele ya waombolezaji. Hata leo simtaji. Nimeuliza tu.

Mfalme wa Matope

*

Jumatano, 6 Machi

Shikamoo baba,

Nisamehe kwa kuchelewa, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibanwa na geti la mizani. Lori la saruji lilikuwa linarudi nyuma, dereva hakuniona, mambo yakawa hayo. Vidole viwili vimefungwa bandeji. Vitapona. Kazi naendelea nayo: lori linapanda kwenye mizani, nasoma uzito, natoa tiketi kwa dirisha, linashuka, linapanda jingine. Katikati yake naingia mjini kwangu kuangalia mifereji.

Mume wangu hajambo. Ajali ni nyingi barabarani, kwa hiyo pale gereji kwake mabati ya magari ya kunyoosha hayaishi. Hajui kwamba tunaandikiana, na tafadhali baba, ibaki hivyo. Alishasema nikikutafuta nisirudi kwake. Ndiyo maana kila barua yako nikishaisoma naifuta, na zangu nazifuta pia. Usione ni dharau.

Kuhusu Fahali, ukuta hauzuii mtu kama yule. Ukikaa kimya anapita haraka, anachukua anachotaka anaondoka. Ukimjibu anarudi na hasira zaidi. Afadhali kukaa kimya.

Bibi Tofali

*

Ijumaa, 8 Machi

Mkwe wangu,

Sijasoma upuuzi kama huo tangu nianze mchezo huu. Ukikaa kimya anapita haraka? Anapita haraka kwa sababu anajua njia, na anaijua njia kwa sababu humzuii. Mtu wa namna ile anaondoka siku anapokuta mkuki langoni. Tumpige. Wewe panga, mimi nina watu.

Jambo lingine. Machimboni tulikuwa na mizani ya malori ya kokoto. Mizani haina geti. Ina boriti inayopanda na kushuka. Nimekaa najiuliza vidole vinabanwaje na boriti. Ukitaka nijibu, usipotaka usinijibu.

Mfalme wa Matope

*

Jumanne, 12 Machi

Shikamoo baba,

Boriti ilishuka nikiwa nimeishika. Tuzungumze vita.

Nimemchunguza Fahali siku hizi zote. Kila mchana farasi wake anawapeleka kusini kula, na magari yote yanakuwa nje ya mji. Ndani wanabaki wazee na wafinyanzi. Ukitokea mferejini na mikuki yako, mimi nikabomoa lango la kaskazini kwa gogo, tunakutana katikati ya mji wake. Sitaki ngawira. Nataka kuchoma. Ghala, tanuru, hekalu, nyumba za watu. Asibaki hata mbwa. Wakirudi na farasi wao wakute majivu, na mimi nimesimama juu ya majivu.

Taja siku, baba.

Bibi Tofali

*

Alhamisi, 14 Machi

Bibi Tofali,

Leo ndiyo leo. Saa saba mchana nakungoja langoni. Usimwambie mtu, hata rafiki zetu. Tuingie pamoja, tutoke pamoja, na yule fahali akirudi nyumbani akute kitanda kimepoa.

Mfalme wako wa Matope

*

Jumamosi, 16 Machi

Mfalme wangu mpenzi,

Samahani sikutokea siku ile, mume wangu alikuwa karibu. Nakukumbuka sana. Nimechoka na haya mambo ya kuandikiana, nataka tuonane uso kwa uso. Niambie unakaa mji gani na nikukute wapi, nitakuja mwenyewe. Usiogope, yeye hajui kitu.

Wako, Bibi Tofali

*

Jumatatu, 18 Machi

Shikamoo baba,

Ni mimi mkweo, nimefungua akaunti nyingine. Usiandike tena kwa Bibi Tofali. Mji ule umetekwa.

Alhamisi umeme ulikatika, mizani ikazima, tukaruhusiwa kuondoka mapema. Nikafika nyumbani nikafungua mchezo kwa simu, jikoni, nione kama umeshataja siku ya vita. Barua yako ilikuwa imeingia, na sikuwahi kuifungua. Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Alinipokonya simu akaisoma yeye wa kwanza, na hakukuwa na nyingine ya kusoma kwa kuwa nilishazifuta zote. Akaisoma kwa sauti. "Nakungoja langoni." "Akute kitanda kimepoa." Baba, kwa sauti yake hata mimi niliisikia kama barua ya hawara.

Nikamwambia ni mchezo. Akasema nionyeshe. Nikamwonyesha miji, mito, farasi. Akasema sawa, ni mchezo, na huyu mfalme ni nani? Nikasema simjui, ni mtu wa mtandaoni. Akanigongesha kichwa kwenye mlango wa jokofu. Akauliza tena. Nikasema simjui. Akavua mkanda. Alianza na ngozi, akageuza upande wa chuma, halafu akauweka mkanda mezani akatumia mikono. Kila akipumzika anauliza, nami najibu lile lile. Jino moja limetoka, la pili linacheza. Sikioni kuna mlio ambao haujakoma, sasa najua unachosikiaga wewe kila siku.

Ningesema ni wewe huenda angeacha. Au angepanda basi kuja kwako akiwa na hali ile ile. Sikutaka kujaribu, kwa hiyo sikusema. Ameshaamini kwamba ni mwanamume niliyempata hospitali nilipokuwa namuuguza mama yake. Simu yangu analala nayo. Chochote kilichokufikia kutoka kwa Bibi Tofali tangu Alhamisi si changu.

Na vidole, baba. Si geti wala boriti. Ni mlango wa gari. Alivishika yeye, akaufunga yeye. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu kukushtakia damu yako.

Polisi nilikwenda. Askari wa zamu aliniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimepika.

Sasa niko kazini, naandika kwa kompyuta ya mizani. Mkuu wangu kaniruhusu nisitoke kibandani, madereva wasinione uso. Usimjibu, tafadhali. Futa mji wako, toka kabisa humu.

Mkweo

*

Jumatatu, 18 Machi

Mpenzi Bibi Tofali,

Hata mimi barua zimenichosha. Niko bado mji ule ule wa hospitali tulikokutana. Njoo Jumapili hii asubuhi. Shuka stendi kuu, pita nyuma ya machinjio, utaona duka la kuchapisha lenye mlango wa bluu. Jumapili huwa limefungwa lakini ufunguo ninao mimi. Usibishe hodi, sukuma tu mlango. Nitakuwa peke yangu.

Mfalme wako wa Matope

*

Jumatatu, 18 Machi

Mwanangu,

Nimeshamjibu. Usishtuke, nisome mpaka mwisho.

Barua yako nimeisoma, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za duka. Mama Chapa kaniletea maji, kaniuliza nani kafa. Nilikuwa nakuita mjinga kwa kuacha lango wazi, na wewe unaandika kwa mkono wa kushoto.

Sikiliza. Basi la kwenu linaondoka Jumamosi mchana, linafika hapa Jumapili asubuhi. Atakuja, najua atakuja, nimemwandikia kama yule mtu anayemtaka. Akishapanda, wewe ondoka. Begi moja, vyeti vyako, basi. Nenda mahali ambapo hata mimi sipajui, na usiniandikie ni wapi.

Mimi nitamngoja pale dukani. Akifungua mlango akaniona uso, mkono utashuka. Nimemzaa mimi, namjua.

Baba

*

Jumanne, 19 Machi

Baba,

Mimi ndiye ninayemjua. Sijawahi kuuona mkono wake ukishuka kwa sababu ya uso wa mtu. Jana kaja na kipande cha nondo kutoka gereji, kakiviringishia mpira wa tairi upande wa kushikia ili kisimteleze. Kakiweka chini ya kitanda upande wake, na ananitazama nikipita.

Mwandikie leo kwamba ni wewe. Mambo yaishie hapo. Atatukana, atavunja vyombo, lakini hatakuja na chuma. Kama huwezi, nitamwambia mwenyewe.

Mkweo

*

Jumatano, 20 Machi

Mwanangu,

Usimwambie. Sijawahi kukuomba kitu, hata maji ya kunywa ulikuwa unaniletea bila kuombwa. Leo naomba hilo. Jumamosi uondoke.

Baba

*

Jumapili, 24 Machi

Shikamoo baba,

Nimefika nilikofika. Nina chumba, kitanda na dirisha linalofungwa kwa ndani.

Jumamosi alioga, akavaa shati zuri. Nondo aliiviringisha kwenye gazeti. Aliniambia anakwenda kutafuta vipuri, akanibusu kwenye paji la uso, pale pale penye nundu. Nilimfuata kwa mbali mpaka stendi nikaona basi limeondoka naye. Nikarudi nikachukua begi. Mlango sikuufunga.

Sasa hivi ni jioni. Lazima yameshatokea, vyovyote yalivyotokea. Nijibu, hata neno moja.

Mkweo

*

Jumatano, 27 Machi

Baba,

Nafungua mchezo kila saa. Mji wako unaungua. Fahali yumo ndani na hakuna anayemzuia. Usingeuacha hivyo kama ungekuwa mzima.

Nijibu, baba.

Mkweo

*

Jumanne, 2 Aprili

Mkwe wangu,

Anayeandika ni Mama Chapa, kaja na kompyuta ndogo mpaka kitandani kwangu. Mimi nasema tu. Mkono wa kulia umevunjika mara mbili, na bega limetoka mahali pake wamelirudisha. Mbavu sijui ni ngapi, daktari kazitaja haraka. Ulimi mzima.

Ilikuwa hivi. Nilifungua duka mapema, nikakaa kwenye kiti nikiutazama mlango, kama nilivyokuwa nimekusudia. Nilikaa sana. Kompyuta nilikuwa nimeiwasha ili muda upite, basi ghafla nikaona kioo kimekuwa chekundu. Magari ya Fahali yalikuwa yanaingia mjini kwako, kwa Bibi Tofali. Mji hata si wako tena, umeshatekwa na mumeo, naye alikuwa kwenye basi na nondo. Akili ya mzee, mwanangu. Nikageuka nikatuma askari wangu wa mikuki. Niliupa mlango sikio bovu.

Sikusikia kitu. Ya kwanza ilinipata begani, nikadhani dari imeanguka. Nikainua mkono, ya pili ikauvunja. Nikaanguka na kiti. Nyingine zilikuja za mgongo na za mbavu, alikuwa akipiga huku anasema, "Langoni, eh? Langoni?" Nilitaka kuita jina lake, pumzi ikawa haitoki.

Halafu akaona ni mimi, ikaisha.

Watu wa machinjio ndio waliosikia. Walimkuta mlangoni, na wale, mwanangu, wana mikono mizito. Walimpiga mpaka polisi walipofika, na polisi hawakuja mbio. Nilikuwa sakafuni nasikiliza, na sikuwa na la kufanya.

Sasa yuko mahabusu. Wewe kaa huko huko.

Baba

Mimi Mama Chapa naongeza langu: duka nimelipiga deki mara tatu na bado kwenye ufa wa sakafu pale ukutani nyekundu ipo. Huyu mzee alinidanganya kwamba Jumapili anakuja kucheza tu. Dada, popote ulipo, kula.

*

Jumamosi, 18 Mei

Shikamoo baba,

Mbavu zinaendeleaje? Mimi nimepata kazi ya mizani tena, ya mchanga safari hii. Vidole vimepona, kimoja hakikunji.

Nina jambo linanikosesha raha. Dada zake wamepata namba yangu. Wananipigia kwa zamu. Wanasema hakujua ni wewe. Wanasema alikwenda kumpiga hawara, kosa ambalo mwanamume yeyote angelifanya, na kwamba alipokuona tu aliangusha chuma akaanza kulia. Wanasema nikuombe uifute kesi, kwamba mzazi hamfungi mtoto kwa bahati mbaya, na kwamba mimi ndiye niliyekugombanisha na mwanao kwa siri zangu.

Mimi simhurumii kwa yale ya kwangu. Lakini kwa yale ya kwako nimekosa usingizi. Kama ni kweli alilia, kama ni kweli mkono ulishuka kama ulivyosema utashuka, basi fanya moyo wako unavyotaka. Sitakulaumu. Nitaendelea kukaa mbali, na nitakuheshimu vile vile.

Mkweo

*

Jumatano, 12 Juni

Mwanangu,

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa hiyo nivumilie. Sikukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nikaseme mahakamani. Jana nimesema.

Chumba kilijaa. Dada zake walikaa mbele, hawakunisalimia. Yeye aliletwa amekonda, jicho moja halifunguki vizuri tangu siku ya machinjio. Wakili wake ni kijana mwenye sauti nzuri, alinisogelea upande wa sikio zima, nadhani walimwelekeza.

Akaniuliza, "Mzee, ni kweli kwamba mwanao alipoingia pale hakujua aliyekaa kwenye kiti ni wewe?"

Nikasema, "Ni kweli, hakujua."

"Na alipokuwa anapiga, hakujua?"

"Hakujua."

Akawageukia watu akitabasamu, akawa anarudi kukaa. Nikamwambia, "Sijamaliza." Hakimu akasema niachwe nimalize.

Nikawaambia kile ambacho nilikuficha wewe, na Mama Chapa pia, na askari walioandika maelezo yangu. Nilipoanguka nililala kifudifudi. Akanipindua kwa mguu ili auone uso wa hawara wa mkewe. Akaniona. Nondo ikashuka kweli, nilivyosema. Akaita, "Baba?" Nikapata pumzi kidogo nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Ni mimi." Tukatazamana. Uso wake ulikuwa ule ule wa utotoni, alipokuwa akiangusha kitu. Mimi nilijua yamekwisha, nikanyoosha ule mkono mzima ili aniinue.

Akaishika nondo kwa mikono miwili akanipiga tena. Mbavu zilizotoboa pafu ni za pigo hilo. Alilipiga polepole, kama mtu anayegongomea kitu kwenye gereji, na hakusema neno. Halafu ndipo akaitupa, ndipo akaanza kulia.

Nikamwambia hakimu kwamba zile za mwanzo zote nimemsamehe, zilikuwa za mtu mwingine. Ile ya mwisho ilikuwa yangu, na nimewaza tangu Machi sijapata mahali pa kuiweka. Nikasema pia kwamba kuna mwanamke ambaye amekuwa akipigwa za namna hiyo kwa miaka, zile za kujua, na kwamba sikuiona hata moja kwa sababu nilikuwa bize nachoma ghala za watu.

Dada zake wakainamisha vichwa. Mmoja alitoka nje.

Yeye akaomba kusema. Hakimu akamkataza, yeye akasema hivyo hivyo. "Baba, ulijua ni mimi nakuja. Ungeniandikia neno moja tu kwamba ni wewe, nisingekuja. Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia, "Ningekuambia, ungebaki nyumbani."

Nafikiri alielewa, maana alikaa bila kuambiwa.

Amepewa miaka minane. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi za mahakama, watu wakawa wananipita. Nimelia, sikufichi. Nilimbeba yule mtoto mabegani kwenda machimboni, akiziba masikio yangu kwa viganja vyake kabla ya mlipuko.

Jumapili nitakwenda gerezani kumpelekea sabuni na fulana. Hiyo ni kazi yangu, na nitaifanya mpaka nife au atoke. Wewe usiende. Wakikupigia tena usipokee. Si kazi yako tena.

Baba